Mrejesho: mwongozo mfupi wa HTTP

Wandugu, niliuliza kama kuna mwongozo mfupi wa HTTP (kanuni ambazo kivinjari na seva ya tovuti huwasiliana kwazo) wa kuchapisha, nisome hata umeme ukikatika hapa Lubumbashi. RFC 9110 ya 2022, hati rasmi ya HTTP mliyonielekeza, ni nzuri, ila ndefu mno kwa anayeanza. Kilichonisaidia ni karatasi moja ya namba za majibu ambazo seva hurudisha, nikiifuatisha na amri ya curl -v (curl ni programu ya kutuma maombi ya HTTP kwa kuandika amri): mistari yenye > ni ombi lako, yenye < ni jibu la seva. Sasa 401 na 403 hazinichanganyi: ya kwanza inadai ujitambulishe, ya pili imekuelewa lakini inakataa. 304 ndiyo niipendayo, seva haikutumii tena picha uliyokwisha kuihifadhi, na mega huku zina bei! WebSocket, njia ya seva na kivinjari kutumiana ujumbe pande zote bila kukata muunganisho, bado sijaisoma, nimeona tu 101 inayoifungulia mlango. Aksanti sana.