Mtoto aliyeitwa mlozi (mchawi), na hadithi ya Hansel na Gretel: niisome kwenye ekodimu?

Monitrisi wa Katuba

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Nafundisha ekodimu, yaani mafundisho ya Biblia ya watoto, hapa Lubumbashi, komini ya Katuba, kila Jumamosi saa tisa. Watoto wangu ni wa miaka 7 mpaka 11, tunakaa kwenye mikeka nyuma ya kanisa. Nilipata kitabu kikuukuu cha Kifaransa chenye hadithi za ndugu Grimm, wale Wajerumani wa zamani. Nawaeleza kwa Kiswahili, kisha tunatafuta pamoja neno la Biblia linalokwenda nayo. Tulianza na yule msichana yatima aliyetoa mkate wake, kofia yake, mpaka shati la mwisho, halafu nyota zikamwangukia zikawa sarafu. Watoto walienda wenyewe kwa mjane wa senti mbili, mimi nilinyamaza tu.

Sasa nimefika kwa Hansel na Gretel, nimekwama.

Kuna mvulana wa miaka 9 darasani. Mwaka jana mdogo wake aliugua, bibi yake upande wa baba akasema ni huyu anayemla usiku. Wakampeleka kwenye chumba cha maombi, akafungishwa siku 3 bila maji wala bukari (ugali). Leo anaishi kwa shangazi yake. Jumamosi anafika kabla ya wote na anafagia bila kuambiwa. Nikitamka neno "mlozi" anainama, anatazama vidole vya miguu yake.

Hadithi mnaijua: njaa imeingia, baba ni mkata kuni, mke anamshawishi wawaache watoto, Hansel na dada yake Gretel, porini. Halafu ile nyumba ya mkate, na mwanamke mlozi anayemnonesha Hansel ili amle. Papa mmoja, yaani mzee wa baraza letu, ameniambia hadithi za walozi hazina nafasi nyumbani mwa Mungu, na sipendi kumdharau. Ila katika hadithi hii mla watoto ni mtu mzima. Watoto hawana kosa lolote, wametupwa tu. Huyu mvulana hajawahi kusikia mambo yakipangwa hivyo. Niisome, au niiruke?

Papa wa Ruashi

Mama monitrisi, salamu. Mimi nakuomba uende polepole, na sababu yangu si ile ya papa wa baraza lenu. Fikiria mwisho wake. Gretel anamsukuma yule mwanamke ndani ya tanuri na kufunga mlango, naye anaungua. Mimi nimeona kwa macho yangu vijana wakimfuata bibi kizee mmoja na tairi mkononi, wamchome nalo, kwa sababu mtaa mzima ulimwita mlozi. Tuliingia kati watu wanne, akapona. Wale vijana walikuwa watoto wa ekodimu zamani. Nilikuwa nawafahamu kwa majina.

Kwa hiyo usiponiambia utafanya nini na hilo tanuri, mimi nasema iruke. Mtoto anashika mwisho kuliko katikati.

Yaya (dada) wa Kamalondo

Papa, neno lako ni zito na sitaki kulipita. Lakini mama, isome.

Kwanza, mtoto huyo ajue kwamba alichotendewa kimekatazwa. Katiba yetu ya Kongo, kifungu cha 41, inakataza kumsingizia mtoto ulozi, na sheria ya kulinda watoto ya tarehe 10 Januari 2009 inamwadhibu anayefanya hivyo. Watu wengi makanisani hawajui, au wanajua na wananyamaza.

Pili, tafadhali, nami nakuomba kama mama. Nalea watoto wawili wa mume wangu, na kila hadithi ya mama wa kambo inanichoma. Katika chapa ya kwanza ya Grimm, ya 1812, aliyewatupa Hansel na Gretel alikuwa mama yao mzazi. Ni baadaye ndipo wakamfanya mama wa kambo. Basi sema "mama", na usimsahau baba. Alisikitika, ndiyo, lakini alikubali, na aliwapeleka porini kwa miguu yake mwenyewe.

Wasimulizi siku zote wamechagua. Angalia Cendrillon, yule msichana anayeteswa na mama wa kambo na dada zake: Perrault, Mfaransa, mwaka 1697, anamaliza na msichana akiwasamehe dada zake na kuwapeleka ikulu. Kwa Grimm, njiwa wanawadonoa macho. Na wewe chagua, hilo si dhambi. Ila usiliache lile neno la Hansel usiku, dada yake analia naye anamwambia alale, Mungu hatawaacha. Hapo weka Zaburi 27:10: "Baba yangu na mama yangu wameniacha, bali Bwana atanikaribisha kwake."

Monitrisi wa Katuba

Asanteni sana. Nimeisoma jana. Naandika ningali nayo moyoni.

Nilisema "mama", kama yaya alivyoniomba. Nilipotaja njaa, msichana mmoja akauliza mfuko wa unga ulikuwa bei gani huko Ujerumani. Baba mkata kuni wakamgeuza mchoma makala, yaani mkaa, nikawaachia. Kila mtoto nilimpa jiwe dogo jeupe ashike, kama yale Hansel aliyodondosha njiani.

Papa, kwenye tanuri nilisimama. Niliwaambia Gretel alikuwa mtoto aliyefungiwa ndani, kaka yake anakaribia kuliwa, hapana mtu wa kumwita. Halafu nikawauliza ni bibi gani hapa kwetu anaishi peke yake. Wakamtaja mmoja, yule wa karibu na bomba. Tukapanga zamu ya kumpelekea maji, watoto wawili kila siku. Sijui kama inatosha, lakini leo wawili wa kwanza wameenda na bidoni yao.

Mvulana wangu alikaa kimya muda wote, jiwe kwenye kiganja. Zaburi aliisoma yeye, kwa sauti ndogo, akaisoma tena bila kuombwa. Tulipofika mwisho, watoto wamevushwa maji na bata, mmoja mmoja, wamerudi nyumbani, baba anafurahi, yeye akanyoosha mkono.

"Baba yao aliomba radhi?"

Nikafungua kitabu kutafuta. Imeandikwa tu kwamba tangu awaache porini hakuwa na saa moja ya furaha. Nikamsomea hivyo. Akasema, "Lakini hakuomba." Nikamwambia ndiyo, hapa hawakuandika kwamba aliomba. Sikutaka kumtengenezea uongo.

Leo baada ya ibada nilimwona baba yake uani, nikamwendea. Sikumlaumu. Nilimweleza hadithi kwa kifupi na swali la mwanawe. Alisimama muda mrefu akigeuzageuza funguo za pikipiki. Kisha akaniuliza ekodimu inaanza saa ngapi.

Saa tisa, nikamwambia, lakini yeye hufika saa nane, anafagia.