Filamu za barafu zinawafuta wenyeji wa barafu, na mimi nimechoka

Wakuu, nafungua uzi huu nikiwa na hasira na sina haja ya kuzificha. Kila muvi ya watu waliokwama kwenye barafu inaleta mtu yule yule: steringi Mzungu, ndevu zimeganda, anaburuza mzigo kwenye theluji, anamkumbuka mke aliyemwacha nyumbani, na sisi tunatakiwa tumlilie. Wainuit, wenyeji wa kule, wanapita kwa nyuma dakika mbili bila kusema neno, au hawapo kabisa. Ukimaliza kuitazama unaamini kaskazini ya dunia ilikuwa tupu mpaka meli ya Ulaya ilipotia nanga.

Haikuwa tupu! Watu wamezaliwa, wamelea na wamezikana kule vizazi na vizazi.

Chukueni msafara wa John Franklin, nahodha Mwingereza aliyekwenda kutafuta njia ya bahari kaskazini ya Kanada. Uliondoka Uingereza 1845 na meli mbili, Erebus na Terror, na watu 129 wakapotelea huko wote. Mwaka 1854 Wainuit walimsimulia mvumbuzi John Rae yaliyotokea: Wazungu walionekana wakielekea kusini wamekonda kwa njaa, wakafa njiani, na waliobaki walikula maiti za wenzao. London ikafura. Charles Dickens mwenyewe, yule mwandishi maarufu wa riwaya, akaandika jaridani kwamba ushahidi wa watu hao haufai kuaminiwa. Baadaye sana, karne ya 20 ikielekea mwisho, wataalamu wakaichunguza mifupa na kukuta alama za visu. Erebus ikapatikana 2014, kwenye eneo ambalo simulizi za Wainuit zilikuwa zikilitaja miaka yote. Terror ikapatikana 2016, baada ya Sammy Kogvik, mwindaji Mwinuit wa kijiji cha Gjoa Haven, Kanada, kueleza alipouona mlingoti umechomoza kwenye barafu. Watu wamesema kweli zaidi ya miaka 150 na wakaitwa waongo. Hiyo ndiyo hadithi, lakini kamera inakwenda kukaa kwenye chumba cha nahodha.

Kinachoniuma kuliko vyote ni Ada Blackjack. Wangapi humu mmewahi kulisikia jina lake? Mwaka 1921 mama huyu, Muinupiaq wa Alaska (Wainupiaq ni ndugu wa Wainuit), alikubali kwenda kisiwa cha Wrangel, kaskazini ya Siberia, kama fundi wa kushona nguo za ngozi. Mtoto wake alikuwa na kifua kikuu na yeye hakuwa na pesa ya matibabu. Akaenda na vijana wanne. Meli ya kuwaletea chakula ikashindwa kupenya barafu. Januari 1923 watatu wakaondoka kwa miguu kutafuta msaada na hawakuonekana tena. Wa nne akashikwa na kiseyeye. Ada akamuuguza miezi mingi huku akitukanwa na huyo huyo mgonjwa, hadi alipofariki. Hakuwa mwindaji, malezi yake yalikuwa ya shule ya misheni. Akajifunza kutega mbweha, akajifunza bunduki, akapiga sili, akaishi kwa hofu ya dubu weupe mpaka meli ilipomfikia Agosti 1923. Yeye na paka wao, Vic, basi. Alilipwa chini ya alivyoahidiwa, na wengine wakachuma kwa kuisimulia hadithi yake.

Niambieni, muvi inataka nini zaidi ya hapo? Mama, mtoto mgonjwa, kisiwa, njaa, dubu. Lakini Robert Scott, Mwingereza aliyefika Ncha ya Kusini wa pili Januari 1912, akafa na wenzake wote wanne wakirudi, huyo tunatengenezewa upya kila kizazi.

Na Matthew Henson? Mmarekani mweusi, alisafiri na Robert Peary, mvumbuzi Mmarekani mweupe, takribani miaka 20, akaongea Kiinuit vizuri, na ndiye aliyekuwa fundi wa mbwa na sleji, vile vigari vya theluji visivyo na magurudumu. Aprili 1909, Peary alipodai amefika Ncha ya Kaskazini (dai linalobishaniwa mpaka leo), alikuwa na Henson na Wainuit wanne: Ootah, Seegloo, Egingwah na Ooqueah. Peary akavikwa medali. Henson akaishia karani wa forodha New York. Kuna filamu moja ya televisheni ya 1998 iliyompa haki yake, nayo haitajwi popote. Sisi tulipaswa kuwa wa kwanza kulishtukia jambo hili, maana Burton na Speke hawakulifikia Ziwa Tanganyika 1858 bila Sidi Mubarak Bombay na wapagazi wao, na tunajua majina gani yalibaki vitabuni.

Msiniambie ni burudani tu. Ujinga huu unaharibu hata muvi yenyewe. Steringi anatembea kichwa wazi kwenye dhoruba ili uso wake uonekane, anakimbia mpaka anatoka jasho. Jasho kwenye baridi ile linaganda ndani ya nguo na ndilo linaloua! Roald Amundsen, Mnorwe, alijifunza kwa Wanetsilik, Wainuit wa kaskazini ya Kanada, 1903 mpaka 1905, kuvaa manyoya yaliyolegea na kusafiri kwa mbwa bila kujichosha, na ndiyo sababu alifika Ncha ya Kusini Desemba 1911 na kurudi na watu wake wote hai. Ujuzi huo ni wa mtu, una mwenyewe.

Wala hakuna kisingizio kwamba Wainuit hawawezi kubeba filamu. Filamu ya Atanarjuat, ya mwongozaji Mwinuit Zacharias Kunuk, ilipigwa Igloolik, kaskazini ya Kanada, ikazungumzwa Kiinuit mwanzo mwisho, ikachukua tuzo ya filamu bora ya kwanza Cannes 2001. Yule jamaa anayekimbia uchi juu ya barafu ya bahari huku wauaji wanamfukuza, hakuna steringi wa Hollywood aliyenipa moyo kudunda namna ile.

Na nyie mnaotafsiri muvi kwa sauti kwa ajili ya vibanda umiza, mnanikera sawasawa na hao waongozaji. Mwinuit akitokea mnamwekea sauti ya kipumbavu, watu wanacheka. Acheni. Atanarjuat ipo, itafsirini hiyo, tena kwa heshima.

Mwenye filamu nyingine zilizotengenezwa na watu wa kule wenyewe aziweke hapa chini, za zamani na za sasa. Za Scott, na za Shackleton, Mzungu mwingine wa kule kusini, sizihitaji.