Yule bwana wa mabega amenichosha, na leo amemgusa Bob Junior

Kijukuu wa Nyika (mleta uzi)

Wakuu, salamu zitakuja baadaye. Nimetoka sasa hivi kusoma alichoandika yule bwana chini ya picha ya marehemu Bob Junior, yule simba wa Serengeti, na mikono bado inatetemeka. Simtaji jina, na hakuna haja. Ni yule wa mistari myekundu. Yule ambaye ukiweka picha ya simba dume, hata kama kalala nyuma ya kichaka na kinachoonekana ni mkia tu, atakuchorea mstari kutoka begani hadi kwenye kucha na kukutangazia kilo.

Picha yenyewe ilikuwa ya kumbukumbu. Manyoya meusi, jua la asubuhi, watu wanaandika pumzika mfalme. Akaingia yeye, akachora mstari wake, akaandika maneno matano: "Angekuwa na mabega, angekuwa hai."

Angekuwa na mabega!

Simba aliyeshika eneo Serengeti pamoja na nduguye Tryggve kwa miaka 7! Dume wa kawaida akikaa na kundi la majike miaka 2 au 3 amejitahidi, wanakuja wengine wanamfurusha. Huyu kakaa 7. Kafikisha umri wa miaka kama 10, ambao kwa dume wa porini ni uzee, ndipo Machi 2023 wakaja vijana wenye damu inayochemka wakamuua. Hivyo ndivyo utawala wa simba unavyopokelewa tangu simba waanze kunguruma. Halafu mtu kaketi mahali, kakunja nne, anasema tatizo lilikuwa mabega.

Nikamjibu kwa heshima. Nikamwambia mkuu, dume hatawali kwa kilo, anatawala kwa ndugu. Nikamkumbusha utafiti wa Serengeti, ule alioanza George Schaller mwaka 1966 na baadaye wakaushika Craig Packer na Anne Pusey. Miaka nenda miaka rudi wanawafuata simba wanaowatambua mmoja mmoja kwa vidoa vya masharubuni. Walichokuta ni kwamba muungano wa madume ukiwa mkubwa unateka makundi mengi zaidi ya majike, unadumu zaidi, na kila dume aliyemo kwa wastani anapata watoto wengi kuliko dume anayezurura peke yake. Idadi, wakuu. Idadi! Akanijibu nini? Alichukua picha yangu ya wasifu, ambayo ni ya simba, akaichora mstari, akaandika: "Huyu naye hana."

Na hizo kilo anazitoa wapi? Dume mzima wa porini huwa kama kilo 150 hadi 225, na kwa mlo mmoja anaweza kumeza zaidi ya kilo 30 za nyama. Maana yake simba yuleyule jana jioni na leo asubuhi ana uzito tofauti kwa sababu ya pundamilia. Ukitaka kilo za kweli inabidi umlaze kwa dawa, umpandishe kwenye mizani, kisha ukadirie tumboni mna nini. Yeye anapima picha! Mpiga picha akilala chini simba anakuwa mlima, manyoya mazito yakimfunika shingo hujui mwili unaanzia wapi, na bado bwana anakupa kilo 241 na nusu. Na nusu!

Sijasema mwili haufai kitu. Madume wawili wakikutana mmoja kwa mmoja, aliyeiva, wa miaka 5 au 6 mwenye mwili kamili, ana nafasi kubwa kuliko kijana wa miaka 3 anayetangatanga. Hilo nalijua na sihitaji kuchorewa. Lakini kupindua utawala hakuendi kwa zamu. Wanakuja wanne kwa mmoja, huyu anakukabili usoni, yule kashika kiuno, wa tatu yuko kwenye uti wa mgongo. Hapo mabega yanafanya kazi gani? Kinky Tail alikuwa mmoja wa wale Mapogo, muungano wa madume sita walioitetemesha hifadhi ya Sabi Sand, Afrika Kusini, kuanzia 2006. Dume wa kutisha. Juni 2010 akabanwa na madume wanne wa muungano mwingine, Majingilane, wakamuua. Mabega alikuwa nayo. Alichokosa siku ile ni ndugu watatu wa kusimama naye.

Nimeandika yote haya kule, kwa adabu, hakuna aliyenitetea. Mmekaa mnacheka. "Angekuwa na mabega." Juu ya marehemu! Wasimamizi, naomba rangi nyekundu ifutwe kabisa kwenye jukwaa hili, hata kwa wanaosahihisha tahajia.

Ngurumo ya Usiku

Punguza makasiriko mkuu. Ila kweli jamaa kazidi. Mimi nilimwekea picha ya wale majike wa Okavango, Botswana, walioota manyoya shingoni. Akachora, akaandika "dume dhaifu, hafiki mbali." Nikamwambia ni jike. Akajibu "ndiyo maana."

Mzee Kiboko

Nimesoma mpaka mwisho natafuta hoja. Kwa kifupi umechorwa mstari ukanuna?

Kijukuu wa Nyika

Mzee, sijanuna kwa ajili yangu. Soma tena. NI BOB JUNIOR. Mtu katawala miaka 7.

Mzee Kiboko

Bob Junior ni simba, mkuu. Hajasoma hiyo komenti.

Bint Mbuga

Mleta uzi, kwenye mabega niko upande wako, lakini usitupake mafuta kwamba ndani ya muungano kila dume yuko sawa. Kule Gir, India, watafiti Stotra Chakrabarti na Yadvendradev Jhala walichapisha mwaka 2017 kwamba madume wanaoshirikiana wana ngazi zao kabisa. Wa juu anachukua zaidi ya asilimia 70 ya kupandana, na kwenye mzoga mkubwa anakula kuliko mwenzake. Wa chini anaambulia kidogo. Ubabe upo, ndugu yangu.

Kijukuu wa Nyika

Dada yangu, ubabe upo, nani kakataa? Ila Gir ni Gir. Huko majike na madume wanaishi mbalimbali kuliko huku, wanakutana zaidi wakati wa kupandana au kwenye mzoga mkubwa. Serengeti dume aliyemfikia jike kwanza, wenzake kwa kawaida wanamwachia, wanakaa kando wakisubiri ateleze. Halafu vipimo vya vinasaba vya mwaka 1991 vilionyesha miungano mikubwa ni ya ndugu wa damu, wale wasio na undugu unawakuta kwenye miungano ya wawili au watatu. Kwa hiyo aliyekosa watoto kwenye muungano mkubwa, watoto wa kaka yake ni damu yake. Nionyeshe mahali mabega yalipoingia.

Na hata ingekuwa mwenye mwili ndiye wa juu, huwezi kumwambia mtu aliyekufa angekuwa na mabega!

Mtazama Nyayo

Mnabishana mabega na simba wenyewe wanaangalia manyoya. Packer na Peyton West walitengeneza simba bandia wa ukubwa wa simba halisi, wakawavalisha manyoya tofauti, mafupi na marefu, mepesi na meusi, wakawaweka nyikani. Utafiti huo ulitoka mwaka 2002. Majike walivutwa na meusi. Madume waliwakwepa wenye manyoya meusi na marefu, wakamsogelea mwenye mepesi au mafupi. Dume mwenye manyoya meusi kwa kawaida kala vizuri na homoni ya kiume iko juu, na wenzake wanalisoma hilo kwa mbali. Hakuna simba aliyebeba rula.

Na kwa kuwa tumefika kwenye manyoya, mimi kinachoniua ni hawa wanaokoleza rangi kwenye picha. Simba wa kahawia wa mchana mnamgeuza mweusi tititi, halafu mnaandika "mfalme wa giza." Giza gani saa sita mchana?

Ngurumo ya Usiku

Asante!!! Nilidhani niko peke yangu. Yupo mmoja kakoleza mpaka nyasi zimekuwa za zambarau.

Mtazama Nyayo

Namjua. Simtaji.

Kijukuu wa Nyika

Jamani, mada ni mabega.

Mama Fisi

Mada ya manyoya ina maana kuliko mabega, mkuu, samahani. Lakini kero yangu mimi ni nyingine kabisa. Simba akionyesha mbavu mbili tu mtandaoni ni kilio, "maskini, siku zake zimeisha, serikali iko wapi." Scar wa Maasai Mara alichechemea miaka, jicho limeharibika tangu ugomvi wa kugombea kundi mwaka 2012, kila mwaka mnamzika. Alishika eneo na ndugu zake Morani, Sikio na Hunter, akaja kufa Juni 2021 akiwa na miaka 14. Kumi na nne! Alizikwa mtandaoni mara mia kabla ya hapo.

Bint Mbuga

Na Jacob wa Uganda. Mtego ulimkata mguu, anatembea kwa mitatu. Februari 2024 yeye na nduguye Tibu wakapigwa picha za joto na droni usiku wakiogelea mfereji wa Kazinga, zaidi ya kilomita moja ya maji yenye mamba na viboko. Watafiti wanaona walikuwa wanatafuta majike, na kabla ya hapo walishapigwa na madume wengine. Dume wa miguu mitatu anaye ndugu mmoja tu na hajakata tamaa.

Mzee Kiboko

Jacob mabega anayo lakini. Kuogelea kunajenga.

Kijukuu wa Nyika

Mzee Kiboko usinianze leo. Nimekuomba.

Mzee Kiboko

Nasema tu. Miguu ikipungua, mabega yanabeba.

Kijukuu wa Nyika

Ndiyo maneno yake yaleyale! Bob Junior katawala miaka 7 na ndugu mmoja. Mmoja! Muungano wa wawili kushika eneo lile miaka 7 ni kazi ya ajabu, na mtu anakuja na mstari...

Dada wa Majike

Nimevumilia nimeshindwa. Majibu yote haya hakuna hata mmoja aliyeandika habari za majike zaidi ya "kuvutwa na meusi." Madume, madume, madume. Wao wanakuja wanaondoka, wakifika wanaua watoto ili majike warudi kwenye joto mapema, mnaita ufalme. Kundi ni la majike. Wanazaliwa hapo, wengi wanafia hapo. Mwaka 1994 watafiti walichapisha jaribio la kuwarushia ngurumo za majike wageni kwa spika, majike wakawa wanapima, wageni wangapi na sisi wangapi, ndipo wanaamua kusogea au kukaa. Hesabu ya kweli. Na mwaka uliofuata ikaonekana wapo majike wanaotangulia kila mara na wapo wanaobaki nyuma kila mara, na wanaotangulia wanawajua wavivu wao ni nani. Hiyo ndiyo habari ya kufungulia uzi.

Ngurumo ya Usiku

Wanaobaki nyuma kila mara, hata hapa jukwaani wapo. Wanasoma, hawachangii, siku ya ugomvi ndiyo unawaona.

Dada wa Majike

Unanisema mimi?

Ngurumo ya Usiku

Sijataja mtu.

Kishindo cha Tsavo

Mnapiga kelele za idadi, njooni Tsavo Mashariki. Watafiti wamekuta kundi zima la majike lina dume mmoja. Mmoja, peke yake, bila kaka, bila binamu. Na manyoya hana, au anazo nywele chache za kuhesabu. Kwa hiyo mleta uzi hapo idadi yako imelala, na Mtazama Nyayo manyoya yako yamelala. Wale wawili waliokula wajenzi wa reli mwaka 1898 hawakuwa na manyoya, na mmoja kutoka puani hadi ncha ya mkia alikuwa karibu mita 3. Mpaka leo wako kwenye jumba la makumbusho la Field, Chicago, watu wanapanga foleni kuwatazama.

Mzee Kiboko

Mita 3! Sasa huyo kwa mabega...

Kijukuu wa Nyika

Kishindo, dume mmoja wa Tsavo anashika kundi kwa sababu ya mazingira ya kule, si kwa sababu alizidi kilo. Usimpe yule bwana silaha. Atakuja hapa atamchora simba wa 1898.

Kishindo cha Tsavo

Amchore, ana haki. Na kila nikitaja Tsavo mtu ananiletea "mazingira." Wengine wanasema manyoya yanakatwa na miiba. Miiba gani inanyoa simba? Ni joto, ndugu zangu. Manyoya mazito ni blanketi, sehemu za joto simba hawafugi manyoya marefu, tafiti zimelionyesha hilo wazi.

Mtazama Nyayo

Hakuna aliyetaja miiba hapa.

Kishindo cha Tsavo

Kwenye uzi mwingine walitaja. Nimevumilia muda mrefu.

Mama Fisi

Ila miiba ya Tsavo nayo si ya kudharau.

Kishindo cha Tsavo

Umeona! Umeona! Nafungua uzi wangu wa miiba sasa hivi. Dada wa Majike, Bint Mbuga, njooni huko tumalizane.