Naomba ushauri: takwimu za vituoni zitafikaje kwenye maamuzi ya wakubwa?

Assalaamu alaykum ndugu zangu. Nipo Pemba, nashughulikia takwimu za afya ngazi ya wilaya. Ripoti za kila mwezi kutoka vituoni tunaziingiza kwenye DHIS2, ile programu iliyoanzia Chuo Kikuu cha Oslo, nayo huchora grafu na ramani vizuri tu. Lakini kikao cha mgao kikifika, dawa zinagaiwa kwa mazoea: kila kituo kama mwaka jana, wakati kimoja kimeelemewa na wajawazito na chengine kina dawa zinazokaribia kupitwa na muda. Hilo linaniuma, kwa sababu majibu tunayo.

Kinachonitatiza zaidi ni ripoti zinazochelewa. Vituo viwili visipoleta ripoti wakati wa masika, grafu ya malaria inashuka, na kiongozi anaona ugonjwa umepungua, kumbe karatasi ndizo hazijafika. Sasa naweka asilimia ya ripoti zilizofika juu ya kila grafu, ila sioni kama inasomwa.

Mliowahi kukaa na madaktari dhamana (wale wanaosimamia afya wilayani) na wakurugenzi, nisaidieni. Ukurasa mmoja wa kuwapa uwe na viashiria gani? Mimi nafikiria akiba ya dawa itatosha miezi mingapi, mahudhurio ya kliniki ya wajawazito na wagonjwa wa malaria, basi. Na nani auwasilishe kikaoni, mimi au mkuu wa kituo mwenyewe? Mwenye mfano wa ukurasa uliowahi kubadilisha uamuzi, naomba anielekeze.