Kipimo cha damu kimetutia mashakani: tuamue nini kwanza?

Mama wa Ngamiani:
Habari zenu. Nina miaka 39 na mimba ya wiki 14. Nilipima damu nikiwa Dar es Salaam kwa dada yangu, na majibu yanaonyesha uwezekano mkubwa wa mtoto kuwa na sindromu ya Down, hali ya kuzaliwa nayo inayochelewesha ukuaji na kujifunza, ambayo dada anaiita utindio wa ubongo. Sheria yetu hairuhusu kutoa mimba ila kwa kuokoa uhai wa mama, wala sisi hatukuwa na nia hiyo. Linalotutatiza ni kama nichomwe sindano ya kuchukua maji ya uzazi ili tupate uhakika, na kama tumwambie mama mkwe sasa. Mume wangu anataka tunyamaze.

Mkunga mstaafu, Chumbageni:
Mwanangu, utindio wa ubongo ni jambo jingine kabisa: ni ubongo kudhurika hata mwendo wa viungo ukaathirika. Kipimo cha damu hukadiria tu. Kinachothibitisha ni sindano hiyo, inayochomwa kuanzia wiki ya 15 ili seli za mtoto zichunguzwe kama zina nakala tatu za kromosomu (kibeba urithi ndani ya seli) ya 21 badala ya mbili, maana hiyo ndiyo sindromu ya Down. Kwa kuwa ina hatari ndogo ya kuharibu mimba, jiulizeni majibu yake yatabadilisha nini. Ambacho nakusihi usikiache ni kipimo cha moyo wa mtoto kwa altrasaundi, kati ya wiki ya 18 na ya 22, maana karibu nusu ya watoto hawa huzaliwa na kasoro ya moyo, na hapo ndipo mtakapojua kama ujifungulie Tanga au karibu na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam.

Baba wa Makorora:
Sisi tuliambiwa kuwa binti yetu ana sindromu ya Down siku ya tatu baada ya mke wangu kujifungua, tena ukumbini, watu wakipita. Mama yangu alipouliza mke wangu amekula nini, nilinyamaza nikidhani namstahi mzazi, kumbe nimemwacha mwenzangu peke yake. Dada, anayepaswa kumwambia mama mkwe ni mumeo, kabla hajasikia kwa majirani. Binti yetu alitembea akiwa na miaka miwili na nusu. Sasa ana 9, na ndiye anayemkumbusha bibi yake dawa za presha (bibi akisahau, binti humgombeza).

Mama wa Ngamiani:
Ahsanteni sana. Sindano tumeiacha, na kipimo cha moyo tumekipanga wiki ya 20. Mume wangu amelisoma jibu la kaka wa Makorora mara mbili, akasema Ijumaa baada ya sala atakwenda Muheza kwa mama yake.