"Live" yangu wageni wanasikia "leave". Irabu fupi na ndefu za Kiingereza nizifanyeje?

Mpokezi wa Zamu:
Habari za jioni wakuu. Niko mapokezi kwenye loji moja huku Karatu. Kuandika Kiingereza hakunisumbui, shida ni irabu. Kwenye kozi tuliambiwa ndefu inavutwa na fupi inakatwa, kama "kufaa" na "kufa", basi. Nakata kweli, lakini nikisema "I live in Karatu" mgeni ananiuliza naondoka lini. Na mashuka, "sheets", nalikwepa kabisa neno hilo, mnajua kwa nini.

Jingine: daftari la mwanangu wa darasa la pili linasema "cake" ina a ndefu. Kamusi ya Oxford haijaweka zile nukta mbili za urefu kwenye neno hilo. Nimwamini nani?

Chaki Nyeupe:
Wote wako sawa mkuu, ila wanasema vitu viwili kwa jina moja. Shuleni "a ndefu" maana yake herufi inasomwa kwa jina lake, "ei". Ndiyo maana hat ikiongezwa e inakuwa hate. Zamani ulikuwa urefu kweli. Enzi za Chaucer, karne ya 14, "name" ilisikika karibu na "naame". Baadaye irabu ndefu za Waingereza zikahama kinywani, tahajia ikabaki palepale. Fungua Merriam-Webster ya Wamarekani uone: wao wanaweka kistari juu ya a ya "cake", sawasawa na mwalimu wa mtoto.

Dada Mkalimani:
Kozi ilikupa nusu ya habari. Angalia risiti unazowapa wageni. "Receipt" ya Kiingereza ina i mbili tofauti, ya kwanza legevu, ya pili kali. Sisi tulipoikopa tukazifanya zote i moja, i yetu, ambayo iko karibu na ile kali ya "sheep". Kwa hiyo hata ukiikata vipi, "live" yako inabaki "leave" fupi.

Ya "live", "ship" na "sit" ulimi unashuka kidogo. Sema "siti", kisha "seti", halafu tafuta sauti iliyo katikati, midomo ikiwa imelegea. Na "sheets" usiiogope! Hapo i yetu ndiyo inayotakiwa, ivute kidogo tu. Hatari inawangoja wanaojifunza kulegeza wakalegeza kila kitu.

Mzee wa Pwani:
Mnamtesa kijana wa watu. Wahindi na Wanaijeria wana Kiingereza chao na dunia inawaelewa.

Dada Mkalimani:
Mzee wangu, lafudhi abaki nayo, hakuna ubaya. Lakini mgeni akidhani mpokezi anaacha kazi, hapo si lafudhi tena.

Chaki Nyeupe:
Naongeza. Huo urefu wenyewe hautulii. "Seat" na "seed" zote zina nukta mbili, lakini "seat" inatamkwa fupi zaidi, kwa kuwa irabu ya Kiingereza hufupika ikifuatwa na p, t, k, f au s. "Beat" inaweza kukaribiana kwa urefu na "bid". Anayepima kwa kuvuta tu atapotea.

Mpokezi wa Zamu:
Asanteni sana. Sasa nitajuaje nimepatia, na hapa hakuna wa kunisahihisha?

Fundi Simu:
Weka kibodi ya simu kwenye Kiingereza, bonyeza alama ya maikrofoni, sema neno moja peke yake. Usiseme sentensi nzima, simu itabahatisha kwa maana. Ikiandika "leave", rudia.

Mpokezi wa Zamu:
Mkuu, "live" imekubali! Ila "full" inaniandikia "fool". Na bwawa letu likijaa ndiyo sentensi yangu ya kila siku, "the pool is full".

Dada Mkalimani:
Dawa ni ileile, sasa kwenye u. "Pool" chongoa midomo. "Full" iache ilegee, ulimi ushuke kidogo kuelekea o.