Vicksburg au Gettysburg: ipi iliivunja Kusini?

Kijenge_Arusha: Wakuu, mdahalo wetu Jumamosi ni vita vya wenyewe kwa wenyewe Marekani. Kwa nini Grant, jenerali wa Kaskazini, asifiwe kwa kuutwaa mji wa Vicksburg wakati Lee, jenerali wa Kusini (majimbo yaliyojitenga), alipigwa Gettysburg wiki hiyohiyo?

Mwl_Moshi: Gettysburg, 1–3 Julai 1863, Lee aliondoka na jeshi lake. Vicksburg, tarehe 4, Pemberton, jenerali wa Kusini aliyeulinda mji, alisalimisha askari zaidi ya 29,000. Grant alipitisha meli usiku mbele ya mizinga, akavuka mto Mississippi kusini mwa mji, akaitwaa Jackson, mji mkuu wa jimbo la Mississippi, kwanza ili msaada usifike, ndipo akageukia magharibi, kuelekea Vicksburg.

Majengo: Msimpambe Grant mno. Mashambulizi yake Vicksburg ya Mei 19 na 22 yaligonga mwamba: ngome zilikuwa juu ya vilima, ngazi zikawa fupi. Akauzingira mji, na njaa ndiyo iliyomaliza kazi.

Kijenge_Arusha: Shukrani, naichukua hoja ya Jackson.